Msimu Mmoja wa Waru Misikhu

Vumbi la Februari halipigi hodi. Linapita chini ya mlango, linakaa juu ya chai, linalala kwenye mapazia uliyoyachagua wewe kule Kitale, yale ya rangi ya maziwa, na ikifika Jumapili mapazia yamekuwa rangi ya barabara ya Misikhu. Katikati ya vumbi hilo nilisimama na jembe, mimi Mukhisa, mwanamume wa miaka sitini na mmoja, karani mstaafu wa ofisi ya maji, natafuta mahali pa kupanda waru, vile viazi vya mviringo. Phelista, mjane wa kaka yangu, alichungulia juu ya ua akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia bado sijapoteza.

Sababu ni wewe, Jerono. Acha niseme yote, hata yale unayoyajua, maana nikisema nusu utaniambia nimepunguza chumvi, na nikizidisha utaniambia nimemwaga.

Miaka ishirini na saba tuliishi Kitale katika nyumba ya kupanga, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba hakukijali na wewe ulikijua shibiri kwa shibiri. Hapo ulipanda waru. Sikuwahi kuuliza ni waru gani. Niliikuta kwenye sahani, nikala, nikashukuru, nikaenda kusikiliza habari. Mimi ni mtu wa mapwoni, viazi vitamu vya kwetu Bungoma. Nilinyonya nikiwa na mapwoni mkononi. Waru kwangu ilikuwa waru tu, kitu cha kuchanganya na kabichi.

Kumbe wewe ulikuwa na majina yao, tabia zao, na hata magomvi yao.

Mwaka jana mwenye nyumba alitaka kiwanja chake ajenge ghorofa. Mimi nilifurahi, nisikufiche. Nikasema, basi, twende nyumbani. Nyumba ya Misikhu nilikuwa nimeshaimaliza: vyumba vitatu, tangi la maji, dirisha kubwa upande wa mashariki. Wewe ulikuwa unafunga maharagwe kwenye mfuko, polepole, fundo juu ya fundo.

"Nyumbani kwa nani?" ukauliza.

"Kwetu."

"Kwenu," ukasema. "Baba Hillary, kwenu mimi hula kilichopandwa na watu wengine. Nikienda Krismasi napewa. Nikienda matanga napewa. Ati nikae kitako nipewe mpaka nizeeke? Na ile ardhi ni ya joto, waru haikubali pale. Mimi siwezi kuzeekea mahali mkono wangu hauna kazi."

Nikakasirika. Nikasema maneno mengi kuhusu ardhi ya baba yangu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukaniambia kwamba Kipkemei, ndugu yako, amekusafishia chumba kule kwao juu ya Endebess, kwenye barabara ya kwenda Suam, ambako ukipumua asubuhi unaiona pumzi yako. Amekupimia hata mahali pa bustani. Hukuwa unanitisha, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ulikuwa na mahali pa kwenda, na mahali hapo mimi sikuwamo.

"Nitaipanda mimi," nikasema. "Utaona waru ya Misikhu."

Ulicheka. Halafu ukaacha kucheka, ukanitazama sana.

Ulisema msimu mmoja. Ulisema utakaa kwa Kipkemei mvua yote, mwisho wa Juni uje uchimbe kwa mkono wako, uchemshe kwa sufuria yako. Ikiwa ni waru, utakaa. Ikiwa ni maji, utarudi Endebess, na tutakuwa tunatembeleana, wazee wawili, na soda mkononi.

Msimu mmoja tu, mama. Nikakubali.

Siku mbili kabla ya kufunga nyumba uliweka mifuko mitatu juu ya meza ya jikoni, mifuko midogo, ukaifungua mmoja baada ya mwingine.

Hii ni Shangi, ukasema. Tazama macho yake, yana wekundu kidogo. Hii haina subira. Ukiichimba leo, mwezi ujao imechipua kwenye gunia bila ruhusa. Inaiva haraka shambani, inaiva haraka jikoni, na soko lote linaijua. Ugonjwa wa ukungu ukija, inakufa haraka vilevile.

Hii ni Unica, nimeichukua kwa Kui. Kui ni yule mwanamke wa waru wa soko la Kitale, anayejua gunia lina nini kabla halijafunguliwa. Ngozi nyekundu, ndani nyeupe. Wanasema inavumilia joto. Mimi sijaishi nayo, siwezi kuitolea ushahidi.

Na hii, ukasema, na sauti ikashuka, hii ni ya Kogo. Kogo kwa lugha yenu ni bibi, nyanya ya mtu, na waru hiyo haina jina lingine. Ilikuwa ndogo, nyeusi ya zambarau, na ulipoikata moja ili nione, ndani ilikuwa njano ya yai la kuku wa kienyeji. Hulala miezi mitatu kabla ya kuamka. Haipendi haraka, na joto haitaki hata kulisikia.

Nikanyoosha mkono nikachukua ya Kogo. Nilitaka kukufurahisha, nini tena? Ukanichapa kidole.

"Hii ukiiua, nitakuzika nayo. Chagua kwa akili, wacha kunibembeleza."

Basi nikakaa pale nikichagua mpaka chai ikapoa. Shangi nilikuwa nimeizoea kwa jina. Kila kibanda cha chipsi kinaiimba. Unica sikuijua. Nikampigia Kui simu. Akaniuliza nitapanda wapi, nikamwambia Misikhu, akasema, "Mzee, chukua Unica, halafu uombe." Maisha yangu yote nimeisifu ardhi ya Misikhu mbele za watu wa Kitale. Siku hiyo nilikubali kwa mdomo wangu kwamba ina joto. Nikachukua Unica.

Ya Kogo ulimpelekea Kipkemei, kule kwenye baridi yake, na iko huko hadi leo.

Uliniachia karatasi ya daftari, imeandikwa kwa penseli. Mbegu usikate, panda nzima. Panda ikiwa na chipukizi fupi nene. Ile ya chipukizi ndefu nyeupe imekaa gizani, ni mgonjwa. Kutoka shimo hadi shimo, futi moja. Samadi iwe imeoza, isikuunguze mkono. Inulia udongo mara mbili: ya kwanza mmea ukiwa shibiri, ya pili kabla ya maua. Maneno "mara mbili" uliyapigia mstari, halafu ukaupigia mstari tena. Nilidhani penseli imekuteleza.

Mvua ilikuja katikati ya Machi. Ilikuja alasiri, ikapiga mabati, ikapiga migomba, ikapiga vumbi mpaka likalala, na harufu ikapanda, ile harufu ambayo mtu akiinusa anatafuta jembe bila kuambiwa. Nikapanda. Mistari minane nyuma ya nyumba, kati ya jiko na mti wa parachichi. Nikiinama naona miguu yangu, nikiinuka naona nyota, mgongo ukiniuliza kama nimesahau kwamba nilikuwa mtu wa ofisi.

Phelista alikuja kwenye ua na mikono kiunoni.

"Shemeji, walu na hii joto? Itakura mborea yako yote ikuachie majani. Si upande mapwoni kama watu?"

"Mke wangu hali mapwoni."

"Woi," akasema. "Kumbe ni mapenzi." Akaenda akicheka, na kufikia jioni boma zima lilikuwa linajua kwamba Mukhisa analima mapenzi.

Nikangoja. Wiki ya kwanza, udongo. Wiki ya pili, udongo. Kila asubuhi nilienda na kikombe changu nikasimama juu ya mistari minane ya udongo, na kila asubuhi nilirudi ndani na kikombe kitupu. Wiki ya tatu nikaona kijani cheusi kimesukuma bonge la udongo, kikunjo kidogo cha jani, kimekaza. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeona mimea ikiota tangu nizaliwe, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa umebeba nyumba yangu.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakupigia simu. Kwanza Kipkemei anapokea, tunaulizana mvua, tunaulizana ng'ombe, kisha anakupa. Uliniambia huko kuna ukungu mpaka saa nne, kwamba umevaa sweta mbili, kwamba ya Kogo bado imelala. Mimi nilikuambia waru inaendelea vizuri. Nilisema hivyo kila Jumapili, waru inaendelea vizuri, na maana yake ilikuwa nimekukosa, Jerono, nyumba hii ina vyumba vitatu na mimi nalala kwenye kimoja nikisikiliza viwili. Sikujua namna ya kulisema. Nikasema waru.

Mmea ulipofika shibiri niliinulia udongo mara ya kwanza, kama ulivyoandika. Nilivuta udongo kwa jembe kutoka kati ya mistari, nikaulundika kwenye shina, pande zote mbili, taratibu, mpaka mistari ikawa migongo. Mvua ikizidi nilibeba bomba mgongoni nikanyunyizia dawa ya ukungu. Majani yakafunga. Ukisimama mlangoni huoni udongo tena. Nikaanza kutembea nikiwa nimeinua kichwa.

Halafu ikaja Mei, na ardhi ikapasuka.

Hapa lazima unielewe, mama. Mimi ni mtu wa mapwoni. Kwetu ardhi ikipasuka chini ya mapwoni, hiyo ni habari njema, ni habari ya kukimbia nayo. Mama yangu alikuwa anatutuma asubuhi: nendeni mkaone kama imepasuka. Ukiona ufa unajua chini yake kuna kitu kinene kinachosukuma. Unaingiza kijiti, unatoa kubwa, unaziachia ndogo nafasi. Hakuna mtu wa kwetu anayefunika ufa wa mapwoni. Ni sawa na kumziba mtu mdomo wakati anakukaribisha kula.

Basi asubuhi hiyo nilipogawanya majani nikaona nyufa, moja, mbili, mstari mzima, nilipiga kelele. Phelista alikuja na uji mkononi. Alikuwa amekuja kucheka. Akainama, akatazama, akauweka uji chini.

"Shemeji! Imepasuka! Imepasuka kweri!" Akapiga kigelegele kifupi, palepale, kwenye waru yangu. "Sasa usiguse. Ukirudisha udongo utaifinya. Wacha ipumue."

Ilikuwa wiki ileile ya kuinulia mara ya pili. Karatasi yako ilikuwa mfukoni mwangu. Niliitoa, nikaisoma, nikazitazama nyufa, na nikaona hiyo ni karatasi ya mtu wa baridi, mtu ambaye hajui ardhi ya kwetu inavyosema. Nikaikunja nikairudisha mfukoni. Hivyo tu. Sikuhangaika hata dakika tano.

Jumapili ukaniuliza, "Umeinulia mara ya pili?"

"Nimeinulia," nikasema.

Ningekuambia ukweli ungesema nifunike, na mimi sikutaka kufunika. Nilitaka uje uzione nyufa mwenyewe, usimame pale, ukubali kwamba mume wako anajua kitu. Nilijiambia uongo huo ni mdogo na utakufa siku ya mavuno. Ukasema, "Asante, Baba Hillary." Uliniambia asante.

Nyufa zikapanuka. Nikaanza kuona mgongo mwekundu wa waru ukichungulia hapa na pale, na nilikuwa napita nikiusalimia. Watu wa kanisa walikuja kuangalia waru ya Misikhu. Niliwatembeza mstari kwa mstari, mikono nyuma, na nikawaeleza habari za Unica na joto utadhani niliizaa mimi. Wiki mbili kabla ya kuja kwako ulinipigia ukasema nikate majani yote, ngozi ikauke vizuri. Hilo nililitii siku hiyohiyo. Nikakata majani, nikayatoa, jua likaingia mpaka chini, na zile nyufa zikabaki wazi zikilitazama. Nilioga furaha siku zile. Nilipiga sakafu deki, nikanunua sufuria mpya, nikafua mapazia.

Ulikuja Jumamosi. Niliuona mfuko wako kabla sijakuona wewe. Mfuko wa siku mbili.

Hukukaa, hukunywa chai. Ulivaa gambuti zangu ukaenda nyuma ya nyumba, mimi nyuma yako, Phelista nyuma yangu. Ulisimama kwenye mstari wa kwanza. Nilingoja useme. Ulichutama, ukaingiza kidole kwenye ufa mpaka kikazama chote, ukakitoa, ukakifuta kwenye leso.

"Baba Hillary, hii uliinulia mara ngapi?"

Nikaanza kukung'uta udongo kwenye viatu vyangu.

Ukachimba. Ukaitoa ya kwanza, kubwa, nzuri, nikataka kushangilia. Ukaikwaruza kwa ukucha. Chini ya wekundu kulikuwa na kijani. Ukaitoa ya pili: kijani. Ya tatu ilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kulikuwa na funza mweupe mwenye afya kuliko mimi. Nondo alikuwa ameingia kwenye nyufa zangu akataga, kwa raha zake, mlango ukiwa wazi.

"Waru si mapwoni," ukasema. "Waru ikiona jua inakuwa kijani, inakuwa chungu, ukila inakuumiza tumbo. Ndiyo maana inafunikwa mara mbili. Niliandika. Nikapiga mstari." Ukaishika ile ya kwanza mbele ya uso wangu. "Uone sasa. Uongo wako una rangi."

"Ni mimi nirimwambia asifunike," Phelista akasema haraka. "Kwetu ikipasuka hatufunikangi. Mama Hillary, haki, ni mimi."

"Wewe ulimwambia asifunike," ukamjibu kwa upole. "Hukumwambia anidanganye."

Niliona aibu, Jerono. Niliogopa pia, na niseme wazi: niliogopa kuliko siku daktari wa Webuye aliponiambia nikae chini kwanza. Nikasema, "Nilidanganya. Sikusahau kuinulia. Nilikataa. Nilidhani najua kukushinda." Yalikuwa maneno machache na yalinichukua muda mrefu.

Ulienda shimo linalofuata.

Tulichimba watatu mpaka saa nane. Wewe na uma wa shamba, mimi na jembe, Phelista kwa mikono. Ulitugawia marundo matatu bila kusema mengi: zenye tundu huku, za kijani huku, nzima huku. Rundo la tundu nililipa mgongo. Rundo la kijani lilikuwa kubwa kuliko yote, likanikalia rohoni. Lakini chini kabisa, kule ambako udongo wangu wa mara ya kwanza ulikuwa umefika, kulikuwa na waru safi, nyekundu, baridi, na zilijaza karai moja.

Ulizichemsha na maganda yake, chumvi tu. Hukuitumia sufuria mpya, ulitoa yako kwenye mfuko. Tulikaa jikoni tukisikiliza mfuniko ukigonga. Ukaipua. Ukaichukua moja, ukaivunja, ukaipuliza, ukatafuna, na mimi nikaangalia taya lako utadhani ni hakimu anasoma karatasi. Ilipasukia mkononi mwako, unga mtupu.

"Si maji," ukasema. "Hii ni waru."

Ukala ya pili. Phelista akala nne, akasema kwamba kumbe hii kitu ni tamu, na yeye mwaka ujao atapanda. Nilianza kuvuta pumzi.

"Waru imepita mtihani," ukasema, ukimenya ya tatu. "Wewe umeanguka. Waru haikunidanganya, wewe ulinidanganya. Sasa nikae na nani hapa, nikae na waru?"

Phelista aliacha kutafuna. Nikainuka nikaenda nje, kwa sababu mtu akikosa cha kusema ni afadhali apate cha kufanya. Nikaanza kujaza waru za kijani kwenye karai, nikazitupe kwenye shimo la takataka pamoja na ujinga wangu. Nilikuwa nimejaza la kwanza, nimeliinua mpaka kifuani, nikakusikia nyuma yangu.

"Weka chini."

"Haziliki. Umesema mwenyewe."

"Haziliki. Nani amekuambia kila waru ni ya kula?"

Ukakaa chini, pale udongoni, na nguo yako nzuri ya safari, ukavuta rundo la kijani karibu na magoti. Ukachukua moja, saizi ya yai, ukaigeuza. Ukaniambia kwamba kijani hicho ndicho mtu wa mbegu anachokitafuta. Ngozi inakuwa ngumu, haiozi upesi, panya anaionja mara moja tu. Chipukizi zake hutoka fupi, nene, zenye nguvu. Wewe mwenyewe kila msimu kule Kitale ulikuwa unazitandaza za mbegu kwenye mwanga mpaka zigeuke, nyuma ya ile nyumba, miaka ishirini na saba, nami nikipita hapo na gazeti langu.

"Ulichofanya kwa ujinga," ukasema, "mimi hukifanya kwa kupanga. Lete karai lingine."

Nikaleta. Ukachambua. Yenye tundu, huko. Yenye kidonda, huko. Kubwa mno, huko. Saizi ya yai, nzima, kijani, hapa. Mkono wako ulikwenda haraka, haukuuliza. Phelista akaja akakaa upande wa pili, akajaribu, akakosea, ukamrudishia moja mapajani bila kuinua macho. Akajaribu tena. Hakuna aliyekuwa anampa mwenzake chochote. Mlikuwa mnafanya kazi.

Kisha ukainuka, ukaingia nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu niijenge nilikuona ukiitazama. Chumba cha kwanza hukukitaka. Cha pili kina giza, ukasema. Cha tatu, kile nilichokiweka kwa ajili ya wageni, kina dirisha la mashariki. Ukasimama katikati ukipima kwa mikono.

"Hapa. Mwanga bila jua kali. Utapigilia rafu za mbao, tatu, zenye nafasi hewa ipite. Zikae mpaka mvua ya Septemba. Kila wiki mtu azigeuze, atoe iliyooza, akague nondo."

"Nitazigeuza mimi," nikasema.

"Wewe? Wewe uliyeinulia mara mbili?"

Phelista alicheka mpaka akashikilia ukuta. Nikacheka na mimi, na machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Wewe hukucheka. Ulikuwa unanitazama kama siku ile ya msimu mmoja.

"Ukinidanganya tena," ukasema, "hata kitu kidogo, hata bei ya sukari."

"Sitakudanganya."

"Nitajua."

"Najua utajua."

Ukatoka na simu yangu ndogo, ukasimama uwanjani. Mimi nilibaki dirishani na karai mikononi, sijui niliweke wapi. Wewe na Kipkemei siku zote huongea Kinandi chenu, nami hubaki nikibahatisha kwa sauti kama ni ugonjwa au ni ng'ombe amezaa. Alasiri hiyo uliongea Kiswahili, polepole, kwa sauti ya juu, na uso umeugeuzia dirisha langu.

"Kipkemei? Ile chumba yangu. Ndiyo, hiyo uliyonisafishia. Weka mahindi humo."